Jina la Shahidi: Kumfuata Sullivan kutoka Lowell hadi Skibbereen

Jumatatu, Lowell

Mama mkwe wangu anakaribia miaka 80, na kuna jambo moja analitaka kabla magoti hayajamkatalia safari: kujua babu wa babu yake alitoka kitongoji gani huko Ayalandi. Jina la ukoo aliozaliwa ni Sullivan. Katika familia wamepokezana maneno matatu tu: Cork, njaa, Lowell. Yaani kaunti ya kusini mwa Ayalandi, njaa kuu ya miaka ya 1840, na mji huu wa viwanda. Mimi ni mzaliwa wa Tanga niliyeolewa katika ukoo huu. Wanangu ni Wadigo na ni akina Sullivan kwa pamoja, kwa hiyo nimeomba likizo tuifuate njia yote, mimi na yeye, kuanzia hapa Massachusetts.

Tumeanza na vilivyomo ndani ya nyumba. Kuna boksi la kadi za misa za marehemu, kitabu cha sala chenye tarehe za ubatizo kwenye jalada la ndani, na vyeti vya ndoa vilivyokunjwa mara nne. Kanuni ya kazi hii ni kuanza na wewe mwenyewe na kurudi nyuma kizazi kimoja kimoja, kila hatua na karatasi yake, bila kuruka. Hadi adhuhuri tumefika kwa mtoto aliyezaliwa hapa Lowell katika miaka ya 1850, mwana wa yule tunayemtafuta.

Jioni tumetembea kando ya mifereji. Waayalandi wa kwanza walikuja kuichimba mwaka 1822 wakiongozwa na Hugh Cummiskey, na mahali walipojenga vibanda vyao pakawa mtaa wa Acre. Walipokuja wa wakati wa njaa, wanawake na wasichana waliingia kwenye viwanda vya pamba. Katika makumbusho ya kiwanda cha Boott mashine za kufumia bado zinawashwa, na sakafu hutetemeka hadi unaisikia menoni. Tulipotoka nikamweleza Mama kwamba karne hiyo hiyo marobota ya merikani yalipakiwa kwenye meli za Salem kwenda Unguja, na bibi zangu wa pwani wakijifunga nguo iliyofumwa katika jimbo hili. Alisimama pale pale barabarani akanitaka nirudie.

Jumanne, Boston

Massachusetts ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo kwa jimbo zima mwaka 1841, mapema kuliko majimbo mengi ya Marekani. Daftari hizo zipo kwenye Nyaraka za Jimbo, karibu na bahari upande wa Dorchester. Mstari wa babu huyo tumeukuta kwenye daftari la vifo, kati ya mtoto wa miezi minne na fundi wa kufuma: kibarua, mjane, jina la baba, jina la mama, ugonjwa wa mapafu. Kwenye safu ya mahali pa kuzaliwa karani ameandika Ireland, basi.

Hilo ndilo linalowakwamisha wengi. Aliyetoa habari za kifo kwa kawaida alikuwa mtoto wa marehemu, mzaliwa wa Lowell, ambaye hajaiona Cork hata siku moja. Alijua majina ya babu na bibi kwa kuyasikia tu. Na majina yenyewe ni yale yaliyokuwa katika kila nyumba ya Cork: Jeremiah kwenye karatasi ya serikali, Darby kwa majirani, Diarmuid kwa Kiayalandi. Ukimtafuta kwa jina moja unawapoteza wawili wengine ambao ni yeye yule.

Jumatano, Waltham

Leo ndiyo siku ya kwanza kazi kututabasamia.

Kabla ya 1906 mhamiaji aliweza kuomba uraia wa Marekani katika mahakama yoyote iliyokuwa karibu naye, ya mji, ya jimbo au ya shirikisho, kwa hiyo karatasi zilitawanyika mno. Kwa majimbo ya New England, faharasa ya maombi ya miaka 1791 hadi 1906 ilikusanywa pamoja na iko katika tawi la Nyaraka za Taifa hapa Waltham. Kadi zimepangwa kwa sauti ya jina: herufi ya kwanza, kisha tarakimu tatu za konsonanti zinazofuata. Sullivan ni S415. Lakini mwenye kuandikwa O’Sullivan anakwenda O241, droo nyingine kabisa, na mtu mmoja aliweza kuwa na O leo na kukosa kesho. Tumepitia zote mbili. Kadi za S415 ni nyingi kiasi kwamba Mama aliomba kiti kingine cha kuwekea miguu.

Ombi lenyewe ni ukurasa mmoja. Amezaliwa kaunti ya Cork. Amefika Boston mwaka 1847. Anakana utii kwa Victoria, malkia wa Uingereza. Hakuweza kuandika, ameweka alama ya msalaba, na karani ameandika jina lake kushoto na kulia ya ule msalaba. Mama ameuangalia muda mrefu. Mstari mmoja wa wino umekatika katikati, kalamu iliishiwa, naye akaichovya tena na kumalizia. Ndicho kitu pekee tulichonacho kilichotoka mkononi mwake.

Ila macho yangu yalikuwa chini zaidi. Sheria ilitaka mashahidi waape kwamba wanamfahamu mwombaji na kwamba ameishi Marekani miaka mitano. Mmoja wa mashahidi wake ni Driscoll, kibarua, mkazi wa mtaa ule ule wa Lowell. Na baba wa ubatizo wa mtoto wake wa kwanza, kwenye kile kitabu cha sala cha nyumbani, naye ni Driscoll, na jina la kwanza ni lile lile. Maskini hakumwita mtu baki kuwa shahidi wake. Alimwita mtu wa kwao. Nikamwambia Mama kuanzia sasa tumwache Sullivan apumzike, tumfuate Driscoll.

Alhamisi, Boston

Gazeti la Kikatoliki la Boston, The Pilot, lilichapisha tangu 1831 hadi 1921 safu ya watu waliotafuta ndugu waliopotezana nao njiani. Mtu alilipa ili atangaze: namtafuta dada yangu, mwenyeji wa kitongoji fulani, parokia fulani, kaunti fulani, mara ya mwisho alisikika yuko mahali fulani. Serikali ya Marekani haikuwahi kuwauliza watu hawa kitongoji chao. Wao wenyewe walikitaja, tena kwa fedha yao, kwa sababu kwa ndugu aliyepotea kitongoji ndicho anwani pekee ambayo haikubadilika. Siku hizi Boston College wameyaweka matangazo hayo kwenye intaneti na yanatafutika bure.

Akina Sullivan wa Cork wanaotafutana humo hawahesabiki. Driscoll wa Lowell anayetafuta dada yake yuko mmoja, na ametaja kila kitu: kitongoji, parokia, jirani na Skibbereen.

Jina la kitongoji sitaliandika hapa. Wanaishi watu pale hadi leo.

Jumapili, Dublin

Tumetua asubuhi. Mchana tumekwenda ukingo wa mto Liffey kuliangalia jengo la Four Courts, maana huwezi kuelewa utafiti wa Ayalandi bila kusimama pale. Nyaraka za taifa zilihifadhiwa hapo. Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, jengo lilipigwa mizinga, na tarehe 30 ukatokea mlipuko na moto uliokula karne kadhaa za karatasi. Inasimuliwa kwamba vipande vilipeperuka juu ya jiji hadi Howth.

Sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 ziliteketea karibu zote. Lakini moto haukufanya kazi peke yake. Sensa za 1861 na 1871 serikali ilikuwa imekwisha kuziharibu baada ya kuchukua takwimu. Za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya kwanza kwa ajili ya uhaba wa karatasi. Kwa hiyo sensa kamili ya kwanza ambayo Ayalandi inayo ni ya 1901, na ya 1911 baada yake. Yeyote aliyeondoka wakati wa njaa hayumo.

Mama ameuliza kama basi tumekuja bure. Nimemjibu, “Kesho, Mama.”

Jumatatu, Dublin

Asubuhi Maktaba ya Taifa, mtaa wa Kildare. Chumba cha kusomea kina kuba kubwa na taa za kijani mezani, na kuna washauri wa nasaba wanaomsikiliza mtu bila malipo. Rejista za parokia za Kikatoliki tulikuwa tumeshazipitia nyumbani kwa intaneti, Maktaba ilizifungua kwa wote mwaka 2015, lakini mwandiko wa padri wa eneo letu ulitushinda, tukataka jicho lililozoea.

Ukurasa una wino wa hudhurungi uliofifia upande wa mshono. Padri aliandika kwa Kilatini na kwa haraka: mtoto, baba, mama kwa jina la kwao, wasimamizi wawili, na mara nyingine kitongoji pembezoni. Mshauri alipitisha kidole juu ya kioo akasoma kama anasoma gazeti la leo. Mwaka 1829, Sullivan, majina ya wazazi ni yale ya cheti cha kifo cha Massachusetts. Kitongoji ni kile cha tangazo la The Pilot. Mama wa ubatizo ni Driscoll. Mama mkwe wangu alitoa leso.

Lakini jioni, kwenye Nyaraka za Taifa mtaa wa Bishop, tulipata kikubwa zaidi, na sikutarajia mpaka mhifadhi wa zamu alipouliza, “Fomu za pensheni mmeangalia?”

Sheria ya pensheni ya wazee ilipitishwa 1908, na malipo yakaanza Januari 1909: hadi shilingi 5 kwa wiki kwa aliyetimiza miaka 70. Sasa mzee wa miaka 70 mwaka 1909 alizaliwa kabla ya 1840, na Ayalandi haikuandikisha vizazi vya watu wote hadi 1864. Athibitishe vipi umri wake? Aliomba makarani wa Four Courts wamtafute kwenye sensa ya 1841 au 1851, akataja wazazi wake na kitongoji chao. Karani alipanda rafuni, akalifunua jitabu, akanakili alichokiona kwenye fomu. Majitabu yakaja kuungua. Fomu zikabaki.

Tuliandika jina la kitongoji. Likaja ombi la mama mmoja, mjane, jina la ndoa Driscoll, na wazazi aliowataja ni wazazi wetu. Alikuwa dada. Familia ya Lowell haikuwahi kusikia kwamba kulikuwa na dada aliyebaki. Karani ameandika kwamba mwaka 1841 amemkuta ana miaka 4, na akanakili nyumba nzima: baba, mama, watoto sita, na wa pili kati yao mvulana wa miaka 12. Huyo ndiye aliyeweka msalaba kwenye karatasi ya Waltham. Chini yake ametafuta pia 1851: ndani ya nyumba kuna mama na wasichana wawili tu.

Miaka kumi, watu wanane wakawa watatu. Vifo havikuandikishwa na serikali wakati ule, kwa hiyo hakuna cheti cha kutuambia nani alikufa lini. Mpaka leo sijaona karatasi fupi yenye msiba mwingi kama ile, na iliandikwa kwa ajili ya kumpatia bibi kizee shilingi 5.

Tulimtafuta pia kwenye sensa zilizopona. Mwaka 1901 ameandikwa ana miaka 60, mwaka 1911 ana 74. Wazee wengi wa Ayalandi walizeeka hivyo kati ya sensa mbili, maana pensheni ilikuwa imeingia katikati. Hajui kusoma. Kwenye safu ya lugha imeandikwa Kiayalandi na Kiingereza.

Jumanne, Dublin

Siku ya ardhi. Kati ya 1847 na 1864 Richard Griffith alisimamia uthamini wa kila shamba na kila nyumba Ayalandi ili watu walipe kodi ya kuwahudumia maskini. Kwa kuwa sensa hazipo, daftari hizo ndizo zinazotumika kama orodha ya wakuu wa nyumba, na kila jina lina namba inayoonekana kwenye ramani.

Kitongoji chetu kina akina Sullivan kadhaa, na wenye jina la kwanza sawa wametofautishwa kwa jina la baba ndani ya mabano, kama sisi tunavyoweka bin. Mama mjane yuko peke yake, namba 7b. Jirani yake, 7a, ni Driscoll. Nyumba ya mama imethaminiwa shilingi 5. Kwenye safu ya ardhi kuna kistari tu.

Kutoka hapo tumehamia kwenye daftari za marekebisho zilizofuata, ambazo tuliletewa mezani zenyewe, zikiwa na uzito wa jiwe la kusagia. Mkaguzi alipita mara kwa mara, akakata jina la aliyeondoka au kufariki na kuandika la anayefuata, na kila ukaguzi ulikuwa na rangi yake ya wino. Mama mjane amekatwa kwa wino mwekundu. Juu yake ameandikwa Driscoll, mume wa yule dada. Nyumba ya 7b inaunganishwa na shamba la 7a. Miongo kadhaa mbele, kwa bluu, jina la mwana wao, kisha mhuri wa herufi L.A.P., maana yake shamba limenunuliwa chini ya sheria za ardhi na mpangaji amekuwa mwenye mali. Kizazi kimoja kilikosa pa kupanda mbatata, na wajukuu wao wakawa na hati.

Jumatano

Treni kutoka kituo cha Heuston hadi Cork, kisha basi. Mvua njia nzima. Mama amelala.

Alhamisi, Skibbereen

Kituo cha urithi cha mji kiko kwenye jengo la zamani la kiwanda cha gesi, na humo wameeleza njaa kwa uwazi unaouma. Ugonjwa wa mbatata uliingia 1845, ukarudi 1846 na kula karibu zao lote. Kwa theluthi ya watu wa nchi hii mbatata ndiyo ilikuwa chakula. Sensa zinaonyesha Ayalandi ilikuwa na zaidi ya watu milioni 8 mwaka 1841 na milioni 6 na nusu mwaka 1851. Kama milioni moja walikufa, zaidi ya milioni wakahama.

Nilisimama kwenye maelezo ya sheria ya 1847, kifungu kilichomnyima msaada yeyote mwenye zaidi ya robo ekari ya ardhi. Baba mwenye njaa alitakiwa achague: aiachie ardhi apate uji kwa watoto, au aishike ardhi wafe. Nikaurudia akilini ule mstari wa 7b, nyumba ya shilingi 5 na kistari pale penye ardhi. Mama aliuona uso wangu akaelewa bila kuambiwa.

Jioni tumekwenda Abbeystrewry, kando ya mto Ilen. Chini ya nyasi zile kuna kaburi la halaiki, na inakadiriwa wamelala humo watu 8,000 hadi 10,000. Majeneza hayakutosha. Wakatumia jeneza lenye sakafu ya bawaba: linafunguliwa, maiti inashuka shimoni, jeneza linarudi kumchukua mwingine. Mama alisali rozari yake. Mimi nilisoma Fatiha. Hatukuulizana kama inafaa.

Ijumaa, kitongojini

Tulikuwa tumeandika barua kabla. Mzee mwenye shamba alitupokea getini na mbwa wawili, akamwuliza Mama swali moja kabla ya salamu: “Ninyi ni akina Sullivan wepi?”

Huku jina halitoshi, kila tawi lina lakabu yake. Mama hakuwa nayo, miaka 170 ya Marekani ilikuwa imeisahau. Nikatoa nakala ya fomu ya pensheni. Mzee alisoma jina la bibi yule, akaondoa kofia. “Huyu ni mama yake babu yangu,” alisema, akaitaja lakabu ya tawi letu kama mtu anayetaja siku ya wiki. Mama aliirudia mara nyingi mpaka akaipatia matamshi.

Uwanja wa nyuma bado unaitwa kwa lakabu hiyo, ingawa hakuna Sullivan aliyeulima tangu zama za njaa. Msingi wa nyumba upo: mawe ya pembe mbili, kizingiti, na jiwe bapa la jikoni lililoungua kwa moto wa mboji kavu, ndiyo kuni za huku. Nimepima kwa hatua, ndefu sita, pana nne. Watu wanane.

Kisha chai, mkate, siagi ya humo humo, na picha juu ya meza hadi giza. Shangazi wa huyo mzee alikuwa mtawa Kenya, kwa hiyo nilipomwambia natoka Tanga aliinuka akaleta kikapu cha ukindu kilichotundikwa nyuma ya mlango tangu akiwa mtoto. Alituuliza kuhusu ndugu mwingine, yule Driscoll wa Lowell. Kwao ilijulikana kwamba aliondoka, wala hawakupata habari kama alifika. Nikampa nakala ya ombi la uraia lenye jina lake, shahidi, mkazi wa Lowell. Amesema ataiweka kwenye fremu.

Jumamosi, Cobh

Bandari hii iliitwa Queenstown tangu 1849 hadi 1920, na mamilioni walipita hapa. Gatini kuna sanamu ya Annie Moore na wadogo zake wawili. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandikishwa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji New York, tarehe 1 Januari 1892. Makumbusho ni mazuri, lakini mtu wetu aliondoka 1847, na kwenye orodha za meli zilizoingia Boston mwaka ule hatujamwona, si kwa S wala kwa O.

Nadhani najua kwa nini. Mwaka ule nauli ya kwenda makoloni ya Uingereza huko Kanada ilikuwa nafuu kuliko ya Marekani, na wengi wa Cork walishukia Saint John au Quebec, kisha wakateremka hadi Boston kwa mashua za pwani au kwa miguu. Meli hizo hazikuhifadhiwa orodha za majina. Saint John, hata hivyo, ina daftari za nyumba ya maskini, zenye majina ya waliopokelewa tangu 1843, na ilikuwa na karantini yake kwenye kisiwa cha Partridge. Mvulana wa miaka 18 asiye na pesa, mwenye jirani yake wa 7a, ningeanza kuwatafuta humo wote wawili pamoja.

Nimemweleza Mama tukiwa kwenye benchi la kituo tukisubiri treni ya kurudi Cork. Amenisikiliza hadi mwisho, akatoa simu yake na miwani, na sasa hivi ninapoandika anaulizia nauli ya basi kutoka Boston hadi Saint John.